Nimelipa hela yangu nikaenda kufyeka majani Pugu

Jamani Jumamosi nimechukua boda kutoka Gongo la Mboto mpaka Pugu nikijua ni matembezi tu, selfi kwenye mapango ya popo, mishikaki, tunarudi, kumbe jamaa aliyetuchangisha ametupangia mapanga na majembe.

Kwa wasioujua, Pugu Kazimzumbwi ni msitu wa asili wa pwani uko Kisarawe, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na umekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa majiko yetu hapa Dar (usijifanye hulijui gunia). Sasa mti mkubwa ukienda jua linashuka mpaka chini, majani yanajaa, kiangazi yanakauka, mtu akichoma shamba lake pembeni au akirina asali kwa moto basi miche yote inakwenda na mwakani majani yanarudi mengi zaidi. Ndo maana hatukupanda hata mti mmoja, tumefyeka ukanda wa kuzuia moto na kupalilia miche ya mkongo. Mbegu yake nimeishika, nyeusi inang'aa, ina kikofia chekundu kama imepakwa rangi ya kucha.

Mimi zile safari za panda mti, piga picha, sepa, sizipendi kabisa, mche ukiungua Septemba nani anauliza? Hapa angalau hela yetu inawalipa vijana wa jirani wanaolinda kiangazi chote.

Malengelenge bado ninayo. Mvua za vuli zikianza narudi, ila na glavu zangu.