Mlo wa Jioni Alghero: Hispania na Italia katika Jiko Moja

Meli tuliyopanda iliondoka Barcelona usiku na kutufikisha Porto Torres, kaskazini mwa kisiwa cha Sardinia, asubuhi iliyofuata, baada ya mwendo wa takriban saa kumi na mbili. Melini tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Mombasa ambaye, kama mimi, anaishi na kufanya kazi Barcelona. Ndugu yetu wa Unguja alikuwa amesafiri kwa ndege kutoka Bologna na kututangulia Alghero, mji wa pwani ya kisiwa hicho, alikokuwa akitusubiri pamoja na mwenyeji wetu, Mtaliano mzaliwa wa Cagliari aliyewahi kufundisha Iringa na ambaye sisi sote humwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyeipanga safari, na alitueleza tangu mwanzo kwamba shabaha yake kubwa ni mlo mmoja tu: chakula cha jioni katika mkahawa mdogo wa mke na mume, ambamo vyakula vya Kihispania na vya Kiitalia hutoka katika jiko moja.

Nilikubali kwa sababu ya urafiki zaidi kuliko kwa imani. Katika miji ya watalii ya Bahari ya Mediterania nimeona mikahawa mingi iliyobandika picha ya paella, wali wa Kihispania unaopikwa katika kikaango kipana, kando ya picha ya piza, na mara nyingi wali wa humo huwa umepashwa moto tu, naye mpishi hana mapenzi na upishi wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Mwalimu alishikilia kwamba Alghero ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa huko vyakula hivyo vilikutana karne nyingi kabla watalii hawajaanza kufika.

Kutoka Porto Torres hadi Alghero ni kama kilomita 35, na barabara hupita kati ya mashamba ya mizeituni na mizabibu. Mwalimu na ndugu yetu walitupokea kituoni, tukaweka mizigo, kisha tukaanza kuuzunguka mji wa kale, ambao kwa upande wa bahari umezingirwa na kuta nene za ngome na minara ya mawe. Nilichokiona kwanza ni vibao vya majina ya mitaa, vilivyoandikwa kwa Kiitalia na kwa Kikatalani, lugha ya Katalunya, jimbo la Hispania ulimo mji wa Barcelona. Mji huu uliasisiwa na ukoo wa Doria kutoka Genoa. Mwaka 1353 wanamaji wa Aragon, ufalme uliotawala Katalunya wakati huo, wakisaidiwa na wale wa Venice, waliwashinda Wagenoa katika maji ya karibu na hapo, na mwaka 1354 Mfalme Pedro wa Nne alikuja mwenyewe na jeshi lake kuuzingira mji. Hatimaye wenyeji walifukuzwa na nafasi yao ikachukuliwa na walowezi kutoka Katalunya, na Sardinia ikabaki chini ya Aragon na baadaye Hispania hadi mwanzoni mwa karne ya 18, kabla ya kukabidhiwa kwa Savoy, ukoo wa watawala wa kaskazini mwa Italia, mwaka 1720. Kikatalani cha Alghero hakikufa pamoja na utawala huo. Bado wapo wazee wanaokizungumza, na sheria ya Italia ya mwaka 1999 inakitambua miongoni mwa lugha za jamii ndogo za nchi hiyo.

Tulipita mbele ya jumba ambamo Kaisari Karolo wa Tano, aliyekuwa pia mfalme wa Hispania, alilala mwaka 1541 akiwa njiani kwenda kuishambulia Algiers, tukatazama kuba la kanisa la San Michele lililopambwa kwa vigae vya rangi nyingi, tukasimama kwenye maduka ya marijani, kwa kuwa marijani nyekundu ya bahari ile ndiyo iliyouletea mji sifa, na tawi lake limechorwa kwenye nembo ya mji. Dada alitamani sana mkufu mmoja, akauliza bei, akaurudisha kwa upole. Jua lilipokuwa likishuka upande wa rasi ya Capo Caccia, ambayo ni jabali refu la mawe ya chokaa, Mwalimu alitazama saa yake na kutuambia kwamba sasa jiko limewaka.

Mkahawa wenyewe umo katika kichochoro chembamba, na mlangoni hapana picha ya chakula wala mtu wa kuwavuta wapita njia. Ndani mna meza chache, kuta za mawe, kabati la sahani na picha za harusi za familia, na mlango wa jiko huachwa wazi, hivi kwamba mgeni husikia mafuta yakichemka na sauti za wapishi wakijibizana. Mama mwenye nyumba ni mzaliwa wa Alghero; mumewe anatoka Tarragona, mji wa pwani ya Katalunya. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono, akamsalimia Mwalimu kwa kumbusu mashavu yote mawili, kisha akauliza, kabla hata hatujaketi, kama kuna mtu yeyote miongoni mwetu asiyekula kitu fulani. Ndugu yetu wa Unguja alieleza kwamba yeye hali nguruwe wala hanywi mvinyo. Yule mama hakuonyesha usumbufu wowote. Alimhakikishia kwamba chakula chake kitapikwa katika vyombo vilivyooshwa upya, akaenda jikoni kumweleza mumewe, na tangu hapo kila sahani iliyoletwa mezani ililetwa na maelezo ya vilivyomo.

Vilitangulia vyakula vya mume. Mkate uliokwa kidogo, ukapakwa nyanya mbivu iliyosagwa, chumvi na mafuta ya zeituni, kama wafanyavyo Wakatalani karibu kila siku. Pamoja nao ikaja tortila nene ya mayai, viazi na vitunguu, laini katikati. Kisha akaleta pweza wa mtindo wa Alghero, aliyechemshwa hadi akalainika na kulazwa katika mchuzi mzito wa nyanya, kitunguu saumu na siki. Ndugu yetu, aliyekulia karibu na Forodhani na ambaye katika mambo ya pweza hamwamini mtu kwa urahisi, alitafuna polepole, akanyamaza, halafu akasema, “Mwalimu, huyu amepikwa na mtu anayemjua pweza.” Siki na saumu vilikuwa vimeingia ndani ya nyama yenyewe, na hilo haliwezekani ila pweza akae katika mchuzi wake kwa saa nyingi. Mama alithibitisha kwamba humpika siku moja kabla.

Nyanya ndiyo iliyotufungulia mazungumzo marefu. Sisi tuliozoea kudhani kwamba nyanya na Italia havitenganiki tulikumbushwa na Mwalimu kwamba tunda hilo lilitoka bara la Amerika, likaletwa Ulaya na Wahispania, na kwamba Naples na Sardinia, wakati huo zikiwa chini ya taji la Hispania, zilikuwa katika njia ya kulifikisha kwa Waitalia. Mpishi mkuu Antonio Latini, alipochapisha maelezo ya mapishi yake mjini Naples katika miaka ya 1690, aliuita mchuzi wake wa nyanya kuwa wa mtindo wa Kihispania. Nilipoitazama meza yetu nikiwa na habari hiyo, niliona kwamba kazi ya kutenganisha kilicho cha Hispania na kilicho cha Italia ingekuwa ngumu kuliko nilivyofikiri nilipokuwa bado Barcelona.

Kwa upande wa Italia, mama alituletea tambi nyembamba zilizokorogwa na mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa mayai ya mkizi, yale yanayotiwa chumvi, kukandamizwa na kukaushwa hadi yakawa magumu na ya rangi ya kaharabu, ambayo yanasifika sana yakitoka Cabras, magharibi mwa kisiwa. Ladha yake ni ya bahari tupu, kali na nzito, nami nakiri kwamba kwangu kiasi kidogo kilitosha. Dada aliipenda mno, akamaliza yake na sehemu ya yangu.

Kisha ikaja ile ambayo kwa ajili yake Mwalimu alitusafirisha, nayo ni paella ya Alghero. Kikaango ni kilekile kipana cha Valencia, chenye masikio mawili, na mpishi wake ni mume, lakini ndani yake hamna wali. Mahali pa mchele wametia fregola, chembe za unga wa semolina, yaani ngano ngumu iliyosagwa, zinazoviringishwa kwa mkono na kuokwa katika tanuri, na hizo ni kazi ya mke. Alitualika jikoni kuona. Aliutandaza unga katika sinia pana la udongo, akaunyunyizia maji ya chumvi kidogo kidogo, akauzungusha kwa ncha za vidole mpaka chembe zikajikusanya, nyingine ndogo kama mtama na nyingine kubwa zaidi, naye hakujali kutolingana kwake. Zikishakauka huokwa, na kwa kuwa moto hauzifikii sawasawa, baadhi hubaki za manjano na baadhi hugeuka kahawia. Rangi hizo mbili ndizo zinazokipa chakula harufu ya kitu kilichokaangwa. Mume huzipika katika supu ya vichwa vya samaki pamoja na ngisi, kamba, na kome wa ghuba ya Olbia, na zafarani inayolimwa Sardinia penyewe, katika mashamba ya San Gavino Monreale.

“Mwalimu, huu si wali, lakini una adabu zote za wali,” alisema dada, akikuna ukoko uliogandia kikaangoni, kwa maana Wahispania nao huuthamini ukoko kama tunavyouthamini sisi. Aliuliza kama zafarani hiyo ndiyo ileile ya biriani ya kwao. Mume, aliyekuwa amevuta kiti na kuketi nasi kwa muda, alijibu kwamba mpunga na zafarani vyote vilifika Hispania kwa Waislamu waliotawala Andalusi, na kwamba mtu wa Mombasa ana haki ya kuvitambua. Nilifurahi sana kumsikia akilisema hilo mezani kwake, bila kuulizwa. Kwangu fregola ile ndiyo iliyokuwa kilele cha jioni, kuliko hata kamba koche wa mtindo wa Katalunya aliyefuata, ambaye ndiye chakula mashuhuri zaidi cha mji. Yeye huchemshwa, hukatwa vipande, na kuchanganywa na nyanya, vitunguu vibichi, limau na mafuta ya zeituni. Alikuwa mtamu, na ilionekana ametoka baharini karibuni, lakini bei yake ni kubwa, na sahani moja tuliyogawana wanne ilitutosha.

Katika vitamutamu ndipo nilipouona wema wa nyumba ile waziwazi. Sisi watatu tuliletewa seadas, maandazi bapa yaliyojazwa jibini changa la kondoo na maganda ya limau, yakakaangwa na kumwagiwa asali yenye uchungu kidogo. Mama alipofika kwa ndugu yetu alimwomba radhi na kumweleza kwamba donge la seadas kwa desturi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na kwamba yeye hawezi kumficha jambo hilo ingawa machoni halionekani. Badala yake alikuwa amemtengenezea krema ya Kikatalani, ya maziwa, viini vya mayai na mdalasini, iliyofunikwa kwa sukari iliyochomwa hadi ikawa kama kioo. Mkahawa mwingine ungenyamaza, na mgeni asingejua kamwe. Ndugu yetu alisimama, akaweka mkono kifuani na kumshukuru, na Mwalimu akamtafsiria.

Tulikaa hadi karibu na saa sita usiku. Hakuna aliyetuharakisha wala kutuletea bili kabla hatujaiomba, na ilipokuja ilikuwa na malipo madogo ya kiti kwa kila mtu, ambayo ni kawaida katika mikahawa ya Italia na haipasi kumshtua mgeni. Kwa yeyote atakayefika Alghero na kutaka kula namna hiyo, nashauri atafute mikahawa ya familia iliyo ndani ya vichochoro, mbali na ile iliyopangwa juu ya kuta za ngome. Apige simu asubuhi ikiwa anataka paella ya fregola, kwa kuwa haipikwi kwa mtu mmoja wala kwa haraka. Na kama anamtaka kamba koche, aende katika majira ya kiangazi, kwa sababu katika miezi ya baridi uvuvi wake hufungwa.