Nilivyofika kwenye Rouse Simmons, merikebu ya miti ya Krismasi

Rouse Simmons imekaa wima kwenye sakafu ya Ziwa Michigan, nje ya mji wa Two Rivers, Wisconsin, kina cha mita 50 hivi. Kikomo cha kupiga mbizi kwa kujifurahisha ni mita 40, kwa hiyo ilinibidi nirudi darasani.

Kilichonipa kazi kubwa ni baridi. Huko chini maji hukaribia nyuzi 4, na gesi ikitoka mtungini kwa kasi huzidi kupoa, hata kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda kikiwa wazi na kumwaga gesi yote. Ndiyo maana hubebwa vifaa viwili, kila kimoja na valvu yake. Nilijizoeza kufunga valvu zilizo nyuma ya kichwa nikiwa nimevaa glavu nene, bila kuona, mpaka mikono ikawa inajiendea yenyewe. Gesi yenyewe huchanganywa na heli, maana kwenye kina hicho naitrojeni hulevya.

Jambo la pili lilikuwa kusoma. Muda wa kukaa chini ni dakika chache tu, na ukiteremka bila kujua unachotafuta utaona mbao na kiza. Wanaakiolojia wa jimbo la Wisconsin waliipima merikebu hii mwaka 2006. Nikachora ramani yao kwenye kibao cha plastiki, nikaamua mapema: kwanza tezi, yaani nyuma ya chombo, kisha omo, yaani mbele, na mwisho tumboni. Wahenga walishasema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Iliundwa Milwaukee mwaka 1868, milingoti mitatu, na kwa miaka mingi ilibeba mbao. Novemba 1912 nahodha Herman Schuenemann aliipakia miti ya Krismasi kule Thompson, Michigan, akaelekea Chicago, ambako watu walizoea kununua miti yao kutoka kwenye merikebu iliyotia nanga karibu na daraja la Clark Street. Tarehe 23 waokoaji wa Kewaunee waliiona ikipeperusha bendera ya dhiki. Hawakuwa na boti ya injini, wakapiga simu Two Rivers. Boti ya Two Rivers ilitoka, lakini theluji ikafunika kila kitu. Hakupona hata mmoja. Mwaka 1971 mpiga mbizi Kent Bellrichard ndiye aliyeipata.

Nilishuka kwa kamba ya boya. Kwenye tezi gurudumu la usukani halipo. Wavuvi walilinasa kwa wavu wao mbali kidogo, kaskazini. Naamini lilichomoka chombo kikiwa bado kinaelea, na baharia yeyote anajua maana ya kukosa usukani katika tufani. Omo ingali nzima, ila kome wadogo wa quagga, wageni katika maziwa haya, wameifunika kama koti. Mbao chini yao bado ni ngumu: maji ni baridi na hayana chumvi, hivyo yule mdudu wa baharini anayetoboa majahazi haishi humu.

Kisha tumboni. Nilielekeza tochi kwenye mlango wa shehena. Miti bado imo, imepangwa, mashina membamba yamelaliana na matawi yake yamebanwa kama yalivyofungwa na mikono ya watu waliotegemea kuyauza wiki ile. Hapo nilitumia muda wangu wote uliobaki. Sikugusa kitu, na si kwa sababu tu sheria inakataza kuondoa chochote.

Kupanda kulichukua muda mrefu kuliko kukaa chini, kwa vituo, gesi ipate kutoka mwilini. Asiyepiga mbizi naye asikate tamaa: nanga ya merikebu hii iko kwenye klabu ya mashua ya Milwaukee, na gurudumu liko katika makumbusho ya uvuvi huko Two Rivers. Mimi ningeanza na gurudumu.