Usiku wa Kurekodi Ngarenaro

Chalii aliyekuja kurekodi studio kwetu Ngarenaro, Arusha, masika ya 2018, hakuwa na meneja wala lebo. Alikuwa na mistari na hela ya wimbo mmoja. Kwa mji uliotoa kundi la X Plastaz na rapa Joh Makini, mistari ndiyo inayosikilizwa kwanza. Ukimeza maneno, Arusha haikusamehe.

Chumba kilikuwa cha mabati, hakina dari, na mvua ikashuka. Maiki ya kondensa inanasa kila kitu, kwa hiyo tukasubiri. Wakati huo tukasimamisha magodoro mgongoni kwa msanii. Wengi huyaweka nyuma ya maiki tu, wakati maiki inasikia upande wa mbele: inamsikia msanii pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Kichujio cha pumzi kilikuwa soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa hanga. Msanii akasimama shubiri moja kutoka kwenye maiki.

Kupima sauti, mwambie achane ule mstari anaoupigia kelele kuliko yote. “Moja, mbili” haisaidii. Kilele cha sauti kiishie karibu na desibeli -6, chini ya sifuri inapopasukia. Sauti ikipasuka wakati wa kuingia, hairudi vizuri tena.

Tatizo lilikuwa biti. Alikuja nayo kwenye simu, MP3 iliyokwisha kukandamizwa, ngoma na besi vimeshikana. Ukiweka sauti ya mtu juu yake, vinagombana. Nikampigia prodyuza.

“Kaka, samahani kwa usiku huu. Naomba vipande, kila ala na faili lake, WAV, vyote vianzie sekunde sifuri.”

“Sawa kaka, ila tuandikishane kwanza.”

Alikuwa na haki kabisa. Yakaandikwa majina kamili, nani katunga maneno, nani katengeneza biti, asilimia 50 kwa 50, sahihi chini. Karatasi ya namna hiyo naiheshimu kuliko maiki ya bei mbaya. Nyimbo nyingi za wanaojitegemea huanza ugomvi siku hela inapoingia, kwa kuwa walikubaliana kwa mdomo. Na ukienda kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, majibu unayo tayari.

Mvua ilipokata, akachana vesi nzima, kisha akadabo, yaani akarekodi tena juu yake, maneno ya mwisho wa kila mstari tu. Ukidabo vesi yote, maneno yanazibana. Kwenye miksi tukaondoa kila kilicho chini ya hertz 80 kwenye sauti yake, besi ikapata nafasi.

Asubuhi tukaupima kwenye spika ya simu, halafu ndani ya kifodi, daladala ndogo ya Arusha. Injini inanguruma, abiria wanapiga stori, na bado kila neno linasikika. Konda akauomba kwenye flashi. Ukahamia kifodi kingine, na kingine tena, na waliomwita kwenye shoo yake ya kwanza ya kulipwa walikuwa wameusikia humo.