Siku moja steshenari kwangu, mausi inarukaruka

Saa mbili asubuhi nimefungua steshenari hapa Sinza, nikawasha kompyuta zote mbili na printa. Mteja wa kwanza ni binti kamaliza form six, anataka kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Tumefika kwenye wilaya, naweka mshale Kondoa unaruka inachaguliwa Kongwa, narudia tena vilevile. Nikamwambia mdogo wangu tulia kwanza, hapa hatuendi kwa kubahatisha. Tukamalizia kwa kibodi, Tab na vishale tu, kila mstari tunausoma kwa sauti.

Saa tatu na nusu nikaanza na mausi yenyewe, haina waya hii. Betri mpya, bado. Nikaigeuza, kwenye kale katundu ka taa kuna unywele, nikautoa kwa pamba. Kile ni kijikamera bana, kinapiga picha ya meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde ndo kinajua mkono umeenda wapi, sasa meza yangu ina kioo juu na kioo kisafi hakina alama ya kushika. Nikatandika karatasi ya A4. Ikatulia dakika tano nikashukuru Mungu, ikarudi kulekule.

Saa tano nikaihamishia kompyuta ya pili, na kile kidude chake cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi. Saa nzima haijaruka hata mara moja! Kwa hiyo mausi ni nzima. Ikikukuta hii anza hapa kabla hujatoa hela kununua nyingine.

Saa saba foleni ya kopi, sikugusa kitu.

Saa nane nimeirudisha kwenye ile kompyuta ya kwanza, namhamishia mteja picha za harusi kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kutunzia mafaili, mshale ukaanza tena. Nikachomoa eksteno, kimya. Nikachomeka, unaruka. Kumbe ndo hii! Asubuhi nayo ilikuwa inakopi picha hizohizo wakati tunajaza fomu. Eksteno iko poti ya bluu, USB 3.0, na kidude cha mausi kimebanana nayo pembeni, sasa USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele za mawimbi kwenye masafa ya 2.4 GHz, na mausi inaongea na kidude chake hukohuko. Intel, wale watengeneza chipu za kompyuta, walishaliandika hili mwaka 2012. Nikachukua waya wa USB wa kurefushia, kidude nikakileta mezani karibu na mausi. Nimekopi picha zote, mshale umetulia tuli.

Saa kumi jirani kaleta laptop, tachipadi, pale pa kusogeza mshale kwa kidole, inacheza yenyewe. Nikachomoa chaja, ikaacha. Chaja ya pini mbili haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, umeme kidogo unavuja na tachipadi inausoma kama kidole. Nimemwambia mama angu tafuta chaja yenye ethi, usibadilishe tachipadi.

Saa kumi na moja binti karudi kuprinti fomu akasainiwe serikali ya mtaa. Kabla sijampa nikaangalia ule mstari. Kondoa.