Msumeno Nao Hula: Siku Yangu Moja Ndeeba

Ukisema unafanya kazi Ndeeba, mtu wa Kampala anajua ni mbao. Kisha anacheka: "Aa, nyinyi wezi wa futi!" Nimezoea. Mimi ni mpasua mbao, mtoto wa Busia mpakani, mwaka wa tisa sasa niko kwenye mashine, na vidole vyangu bado ni kumi. Kwetu hiyo ndiyo shahada.

Saa 11:30 alfajiri naamka. Natoka Nateete kwa miguu, Barabara ya Masaka bado ina nafasi ya kupumua.

Saa 1:00 asubuhi tunapakua. Lori la paini kutoka Mubende limeingia usiku, mbao mbichi, zimejaa maji, ubao wa inchi 12 kwa 2 unakulalia begani kama mgonjwa. Baada ya hapo nanoa meno ya msumeno, nakaza mkanda, nakunywa chai na katogo (mchanganyiko wa matoke) nimesimama.

Saa 2 hadi saa 4 ni mafundi paa na 4 kwa 2 zao, hakuna la kusimulia. Labda ile mvule ya fremu za milango tu. Mvule mchwa hawaipendi, na pua yangu pia haiipendi: vumbi lake linawasha hadi shingoni. Najifunga kitambaa usoni kama jambazi, nafikiri ndiyo sababu nyingine watu hawatuamini.

Saa 4:20 akaja afande.

Mzee mstaafu wa jeshi, viatu vinang'aa kwenye maranda yetu, Kiswahili cha kambini kilichonyooka. "Kijana, nani mkubwa hapa?" Nikamwambia bosi yuko benki, mimi ndiye fundi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Anatengeneza bustani nyumbani kwake, matuta manne yaliyozungushiwa mbao, apande nakati, dodo (mchicha) na sukuma wiki, mkewe amechoka kununua mboga. Kila tuta sentimita 284 kwa 142. Ameshapiga hesabu: mbao 8 za paini, inchi 12 kwa 1, urefu futi 14. Kila ubao unatoa kipande kimoja kirefu na kimoja kifupi. Hakuna kinachobaki.

Nikiri, ile hesabu ilikuwa nzuri. Futi 14 ni sentimita 426.7, na 284 ukijumlisha 142 ni 426. Mteja wa kawaida hajisumbui hivyo. Tatizo ni kwamba karatasi haina meno.

"Afande, msumeno nao hula."

"Unakula nini?"

"Mbao. Kila nikikata, milimita 4 zinakuwa unga. Na ncha za ubao huu zimepasuka kwa jua, lazima nizinyooshe pande zote mbili kwanza."

Akanitazama kama kuruta aliyepoteza bunduki. "Yaani nilipe futi 14 nipewe futi 13?"

Nikamwonyesha ule unga chini ya meza. Akauchota mkononi, akaunusa, akasema unga huu mimi ndiye ninauuza. Ni kweli maranda tunauza kwa wafuga kuku, lakini nani atatajirika kwa milimita 4? Nikamshauri akate 280 kwa 140, mboga hazitajua. Akakataa, amekwisha kuchimba. Nikamshauri aongeze mbao nne. Hapo ndipo sauti ilipopanda, hadi mama anayeokota vipande vya kuni akaacha kuokota asikilize.

Wakati huo wateja wengine wawili wamesimama nyuma yake. Nikaomba niwahudumie kwanza. "Mimi nilifika mbele yao." Basi.

Nikachukua penseli, nikachora juu ya ubao wenyewe, maana nilikuwa nimeona njia. Vile vipande vifupi haviwi nje ya kona, vinaingia katikati ya virefu. Unene wa ubao ni sentimita mbili na nusu, mara mbili ni 5. Kwa hiyo ili tuta liwe 142 kwa nje, kipande kifupi kinatakiwa kiwe 137, si 142. Hizo 5 zinatosha msumeno upate kula, ncha zinyooke, na mbao zibaki 8 zile zile. Afande akaitika "ndiyo, ndiyo," lakini simu ilikuwa sikioni mwake anaongea na mtu wa mbolea.

Nikakata mbao mbili. Umeme ukakatika.

Bosi alishatuambia jenereta haiwashwi kwa kazi ndogo, dizeli itakula faida yote. Kwa hiyo tulikaa. Afande alikaa juu ya rundo la mbao mgongo wima, mimi chini, posho (ugali) na maharage vikaja nikala, yeye hakutaka hata soda. Sijui ilikuwa saa ngapi alipoanza kuniuliza kuhusu oili chafu ya gari, eti apake mbao zisioze. Nikamwambia hapana, oili ile itashuka kwenye udongo wa mboga atakazokula. Paini kwenye udongo itaoza, hilo nisimfiche, ila akitandika nailoni nzito upande wa ndani itakawia kidogo. Angetaka ya kudumu angenunua mvule, lakini mvule kuzungushia dodo ni kama kumfungia mbuzi kwa mnyororo wa dhahabu. Akacheka. Mara moja tu.

Akataka pia zipigwe randa. Nikamkatalia: randa inapunguza unene, na udongo hautazami uso wa ubao.

Umeme ulirudi jua limeanza kulegea. Wateja waliosubiri wakaja wote kwa pamoja, mikono yangu inatetemeka, masikio yanalia, meza nayo imeanza kucheza mguu mmoja. Nikachomeka kipande chini yake, nikaendelea. Mbao za afande nikazimaliza zote 8, nikazifunga kwa kamba, na vile vipande vyembamba vya ncha akadai vyote viwekwe kwenye gunia, "mali yangu." Mama wa kuni akageuza uso. Pikapu ikaondoka.

Nilifika nyumbani usiku, sikumbuki nilivyovuka barabara. Nimevua shati, unga unamwagika kitandani, simu ikalia.

"Fundi! Hizi fupi ni 137. Nilichora 142!"

Nikafumba macho. "Afande, simamisha mrefu mmoja. Na wa pili mkabala. Sasa ingiza mfupi katikati. Pima kwa nje."

Nikasikia vishindo, ubao ukaanguka, mkewe akauliza kitu kwa mbali. Kimya kirefu.

"Mia moja arobaini na mbili," akasema, kama anatoa ripoti. Kisha: "Lakini vipande vya ncha ni kumi na tano. Mbao 8, ncha 16. Kimoja kiko wapi?"

Nikakumbuka mguu wa meza.