Futi kamba ya mama

Nimezaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na maumivu yake nayajua. Huanzia kiunoni, yakashuka mapajani, nami najifunika blanketi, nakunywa maji, nameza dawa, nasubiri. Kwa hiyo mguu wa kushoto ulipoanza kuuma, Julai 2016, sikushtuka. Nilikuwa na miaka 23 na nilikuwa nimetoka kulazwa juzi tu. Zahanati nilikopitia walisema ni yale yale, wakanipa diklofenaki.

Mama ni fundi cherehani. Usiku wa tatu alikuja na beseni la maji ya moto anikande. Alipofunua khanga, akasita.

"Mbona umevimba huu mmoja tu?"

Akavua futi kamba shingoni, akaizungusha kwenye kigimbi cha kulia: sentimita 34. Cha kushoto: 39. Akapima tena, kidole gumba kikiwa kimebana namba. Kisha akalisogeza beseni pembeni.

"Mwanangu, hapa sikandi."

Alfajiri tukaenda hospitali. Ngazi sita tu za mlangoni zilinikata pumzi, na kila nikivuta hewa kichomi kilinichoma ubavuni. Mama alimtajia daktari zile namba mbili hata kabla hatujakaa. Ultrasaundi ikaonyesha damu iliyoganda kwenye mshipa wa paja. CT-scan ikaonyesha kipande kilichomeguka kikafika pafuni.

Daktari alinieleza kwamba damu ya mgonjwa wa selimundu huganda upesi kuliko ya wengine, na kulala kitandani siku nyingi huzidisha hatari. Miaka yote ya kliniki niliambiwa maji, foliki asidi, chandarua, nijihadhari na baridi. La damu kuganda, hakuna aliyewahi kulitamka. Linaniuma mpaka leo, maana tuko wengi.

Nilichomwa tumboni sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha nikaanzishiwa vidonge vya wafarini vya kazi hiyo hiyo, na kila mara kupimwa INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Mama alisikia mboga za majani zinavuruga dawa, akaacha kabisa kupika matembele. Kliniki wakamwelewesha: nile, ila kiasi kisibadilikebadilike. Basi akawa ananipimia kwa kikombe kimoja cha bati, kila siku kikombe hicho hicho.

Mguu ule bado huvimba kidogo jioni. Mama akija kunitembelea haniulizi unaumaje. Anakaa mkekani, anavua futi kamba.

"Lete miguu."