Namna Tulivyochagua Tanga Kuwa Mji wa Kulelea Watoto Wetu

Kwa miaka mitatu mwanangu wa kwanza aliamka saa 11 kasoro robo alfajiri. Tulikuwa tunaishi Kimara, Dar es Salaam, na shule yake ilikuwa upande wa pili wa jiji, kwa hiyo basi la shule lilimchukua kituoni giza likiwa bado halijaondoka na kumrudisha karibu na magharibi. Jioni moja mwezi Aprili 2022 nilimkuta amelala mezani, kichwa kwenye mkono wa kushoto, na katika mkono wa kulia ameshika tonge la ugali ambalo hakuwahi kulifikisha kinywani. Alikuwa na miaka minane. Nilimnawisha akiwa usingizini, nikambeba hadi kitandani, na usiku uleule nikamwambia mume wangu kwamba hatuwezi kumlea mtoto huyu na mdogo wake kwa namna hii.

Tulikubaliana kutafuta mji wa pwani, na sababu haikuwa kupenda ufukwe. Mume wangu hufanya kazi za uwakala wa forodha, na kazi hizo haziendi mbali na bandari, ilhali mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, kazi ninayoweza kuifanya popote penye umeme na intaneti. Bandari ya Tanga wakati huo ilikuwa katika upanuzi mkubwa. Awali meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, lakini kina kilikuwa kinachimbwa kufikia mita 13 ili meli zifunge gatini zenyewe, na wenzake mume wangu kazini walikuwa wameanza kusema kwamba mizigo itaongezeka huko. Hata hivyo hatukutaka kwenda Tanga kwa ajili ya bandari peke yake, kwa maana tayari tulikuwa tumeona gharama ya kupanga maisha kwa kufuata kazi na kuwaachia watoto kilichobaki.

Mtwara tuliiondoa mapema. Ina bandari nzuri na utulivu tulioutaka, lakini iko zaidi ya kilomita 500 kusini mwa Dar es Salaam, na mama yangu, ambaye ni mgonjwa wa kisukari, anaishi Muheza, mkoani Tanga. Bagamoyo ilitushughulisha zaidi. Iko kilomita zipatazo 65 tu kutoka Dar es Salaam, ina historia na upepo mzuri, na jina lake katika elimu linajulikana nchi nzima kwa sababu ya sekondari za bweni kama Marian Girls. Tulikwenda mara mbili. Safari ya pili ndipo nilipogundua kwamba sifa iliyotuvuta haikuwa ya watoto wa umri wetu: sisi tulikuwa na mtoto wa darasa la tatu na mwingine wa awali, na sekondari ya bweni, hata iwe bora kiasi gani, haimsaidii mtoto wa miaka sita anayetakiwa kurudi nyumbani saa nane mchana. Isitoshe, mume wangu angeendelea kufanya kazi bandarini Dar es Salaam na kukaa barabarani asubuhi na jioni, na hapo tungekuwa tumeuhamisha uchovu kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba yake.

Tanga tulifikia kwa shangazi yake mume wangu, Ngamiani, eneo ambalo barabara zake zimenyooka na kupewa namba, kiasi kwamba mgeni akitajiwa Barabara ya Kumi na Mbili hana haja ya kuuliza mara mbili. Ilikuwa mwezi Juni, shule zikiwa bado hazijafungwa. Nilipomsalimia, "Shikamoo shangazi," aliniitikia marahaba, akanikalisha kwenye mkeka barazani na kuniuliza kama tumekuja kutembea au tumekuja kutafuta. Nikamjibu kwamba tumekuja kutafuta shule.

"Basi mwanangu, usianze na shule," akasema. "Anza na njia ya kwendea shule. Na msije mkawa wale wa waja leo waondoka leo. Ukishamwandikisha mtoto, umekuja kukaa."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha utafutaji wetu. Hadi siku hiyo nilikuwa na daftari lenye majina ya shule na wastani wa ufaulu wao. Kuanzia kesho yake tulianza kwa kutembea. Tuliondoka nyumbani kwa shangazi saa 12 na nusu asubuhi, tukawafuata watoto waliovaa sare kutoka Ngamiani, Makorora, Chuda na Chumbageni, tukaangalia wanavuka wapi barabara kubwa, nani anawavusha, na wanafika wakiwa katika hali gani. Tanga ni mji tambarare na wa baiskeli: wazee, mafundi, kina mama waliovaa baibui na wanafunzi wote wanaziendesha, na madereva wamezoea kuzipisha. Niliona mtoto wa kimo cha mwanangu akifika shuleni kwa baiskeli saa moja na dakika kumi, akaiegemeza ukutani, akacheza mpira hadi kengele ikalia. Nilisimama nikimwangalia, nikakumbuka lile tonge la ugali.

Hata hivyo njia fupi haitoshi kama darasani hakufundishwi, na hapo ndipo uzoefu wangu wa hesabu ulinisaidia. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, ya upimaji wa darasa la nne na ya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Wazazi wengi huangalia wastani na kuishia hapo. Mimi nililinganisha idadi. Watoto waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2018 ndio waliotakiwa kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2021, kwa hiyo nikaandika idadi hizo mbili kwa kila shule tuliyokuwa tunaifikiria. Shule moja ya binafsi, ambayo wastani wake ulikuwa wa kupendeza kuliko zote, ilikuwa na watoto 61 mwaka 2018 na 38 mwaka 2021. Nilipomuuliza mwalimu wa taaluma walikokwenda watoto 23, alinijibu kwamba wazazi wao "walishauriwa." Nilimwelewa. Huo ni mchujo: mtoto asiyefikia wastani uliowekwa hurudishwa darasa au huhamishwa kabla ya mtihani, ili jina la shule libaki safi. Sina ugomvi na shule inayotaka kufaulisha, lakini sikuwa tayari kumpeleka mwanangu mahali ambapo siku akikwama kwenye sehemu na desimali atahesabiwa kuwa doa.

Jambo la pili nililofanya katika kila shule lilikuwa kuomba kuona madaftari ya watoto wa kawaida, si yale yanayowekwa ofisini kwa ajili ya wageni. Nashauri kila mzazi aombe hivyo kwa adabu, na akikataliwa, jibu amelipata. Katika shule moja yenye geti zuri, mabasi mapya na bustani, daftari la Hisabati nililopewa lilikuwa halijasahihishwa kwa wiki tatu. Katika shule ya serikali iliyokuwa mwendo wa dakika 10 kutoka nyumba tuliyokuwa tunaifikiria kupanga, mwalimu wa darasa la kwanza alinipa madaftari matatu kutoka kwenye rundo bila kuyachagua. Kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu, na chini ya kila kosa palikuwa na neno "masahihisho" na hesabu ileile imefanywa upya kwa mwandiko wa mtoto, kisha imewekewa vema. Darasa lake lilikuwa na watoto 68, wakati kiwango kinachotakiwa ni 45. Nilimuuliza anawezaje, akasema husahihisha robo ya darasa wakati wa mapumziko, robo baada ya vipindi, na nusu huyabeba nyumbani. Ningependa mwalimu wa namna hiyo apewe watoto 45 kama inavyotakiwa, na nasema hivyo kila tunapokaa kwenye kikao cha wazazi.

Binti yetu tulimwandikisha hapo. Kaka yake hatukumpeleka, na uamuzi huo ulitusumbua zaidi kuliko kuchagua mji. Alikuwa amesoma miaka mitatu katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, na mwaka 2023 alikuwa anaingia darasa la nne lenye upimaji wa taifa. Kumbadilishia lugha ya kufundishiwa mwaka huohuo kungemfanya ajifunze upya majina ya vitu ambavyo tayari anavijua. Tulimtafutia shule ya kutwa ya binafsi, ndogo, ambayo idadi yake ya watoto haikupungua kati ya darasa la nne na la saba, na ambayo angeweza kuifikia kwa baiskeli. Ada yake ilikuwa nafuu kuliko tuliyokuwa tunalipa Dar es Salaam, hasa kwa kuwa hatukulipia tena usafiri. Wapo ndugu waliotulaumu kwamba tumewagawa watoto. Tuliwasikiliza, lakini kila mtoto alihitaji kitu tofauti kwa wakati ule.

Uhamisho wenyewe ulitutoa jasho. Nilidhani barua ya mwalimu mkuu inatosha. Kumbe mwanafunzi wa msingi ana namba yake katika PReM, mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za wanafunzi, na asipohamishwa ndani ya mfumo, shule mpya inaweza kumpokea darasani lakini haiwezi kumsajili kwa upimaji. Shule aliyotoka ilidai kuna salio la ada, sisi tulikuwa na risiti zote, na mabishano hayo yakachukua wiki nane huku mwanangu akisoma kwa hisani ya mwalimu mkuu mpya. Mzazi anayehama amalize jambo hili kabla ya kupakia vyombo kwenye gari, na atunze risiti zake za miaka yote, kwa sababu bila zile karatasi nisingekuwa na hoja.

Kosa letu wenyewe lilikuwa nyumba ya kwanza. Tulivutiwa na nyumba moja upande wa Sahare, karibu na bahari, yenye upepo ambao mtu aliyetoka Kimara hawezi kuukataa. Hatukuuliza habari za maji. Jiji la Tanga lina bahati ya maji ya bomba yanayotokana na Mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki na kuingia Bwawa la Mabayani, lakini nyumba ile ilikuwa haijaunganishwa, na kisima chake kilitoa maji ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, chai ilikuwa na ladha ya magadi, na katika mwezi wa tatu bawaba za madirisha na mnyororo wa baiskeli vilikuwa vimeanza kula kutu. Baada ya miezi mitano tulihamia Chuda. Upepo umepungua, lakini maji ni matamu, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haiko mbali, jambo ambalo kwa mama mwenye mtoto wa pumu kama mimi lina uzito kuliko mandhari.

Bahari nayo ina masharti yake, na mzazi anayetoka bara au katikati ya jiji asidhani kwamba mtoto atayajua mwenyewe. Tuliwafundisha kwanza kusoma maji: kujaa na kupwa, na kwamba wakati wa bamvua maji huja kwa kasi kuliko siku nyingine. Kisha tukawatafutia mwalimu wa kuogelea Raskazone. Hadi leo hawaruhusiwi kwenda ufukweni bila mtu mzima, hata kama watoto wa jirani wanakwenda.

Kitu ambacho sikukiweka kwenye daftari langu, na ambacho sasa nakiona kuwa kikubwa, ni saa za alasiri. Watoto wanafika nyumbani, wanakula, wanapumzika, kisha wanakwenda chuo, kama wenyeji wanavyoiita madrasa, nyumba nne kutoka kwetu. Dar es Salaam mwanangu alisoma Kurani Jumamosi pekee na alisahau kila alichofundishwa kabla ya Jumamosi iliyofuata. Hapa alihitimu juzuu ya thelathini kabla ya mwaka wa pili kuisha. Na Ijumaa jioni tunaweza kupanda gari kwenda Muheza kumwona mama, tukala naye chakula cha usiku.

Mwezi huohuo tuliohamia, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne lilieleza kwamba halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Baadhi ya rafiki zangu walisikitika kwamba sasa hawatajua pa kuwapeleka watoto. Niliwatumia njia yangu ya kulinganisha idadi, na wawili kati yao wameitumia kuchagua shule hukohuko Dar es Salaam bila kuhama.

Sasa kijana wetu amefika darasa la sita na tumeanza kuangalia sekondari. Mjini hapa majina yanayotajwa barazani ni Usagara, Galanos, Popatlal na Tanga Ufundi. Nimefungua daftari jipya lenye safu mbili, moja ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili na nyingine ya waliofikia kidato cha nne miaka miwili baadaye. Naye kijana ameshapita kwa baiskeli kwenye njia za shule tatu, akiandika dakika alizotumia kila mara.